Uvira: Kamusi ilikwenda na maji, maneno marefu yakabaki

UVIRA – Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja za jioni, benchi mbili za mbao zinatolewa nje ya nyumba moja katika kata ya Kasenga na kuwekwa chini ya mwembe. Ubao mweusi unaegemezwa ukutani. Mwalimu wa Kiingereza, mzee wa miaka hamsini na kitu, anaandika herufi tatu tu kwa chaki: G, H, T. Halafu anakaa kimya. Vijana wanane wanainamia kaye zao. Simu zote zimewekwa ndani ya kikapu karibu na mlango, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa mpaka mwisho.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: kutafuta neno refu la Kiingereza ambalo ndani yake herufi hizo tatu zinafuatana. Kila herufi ya neno ni alama moja. Kijana mmoja anasema “night”, anapata tano. Mwingine anasema “daughter”, anapata nane. Msichana anayekaa mwisho wa benchi, aliyemaliza masomo ya sekondari mwaka uliopita, haharaki. Anaandika, anahesabu kwa vidole, anafuta, anaandika tena. Mwishowe anasimama na kusema “straightforward”. Herufi 15. Wenzake wanapiga makofi.

“Bado,” mwalimu anasema. “Sentensi iko wapi, mama?”

Msichana anafikiri kidogo. “My mother is a straightforward woman,” anajibu, na kuwafasiria wadogo: mama yake ni mtu anayesema mambo wazi bila kuzungukazunguka. Hapo ndipo mwalimu anageuka na kuandika 15 kwenye ubao.

Sheria hiyo ya sentensi ndiyo inayoumiza vijana wengi wanaokuja mara ya kwanza. Neno linaweza kuwa refu kama njia ya kwenda Fizi; kama mwenye kulitaja hawezi kusema nalo jambo lolote, anapata sifuri. Zamani sheria hiyo haikuwepo. Mwalimu aliiweka mwenyewe mwaka wa 2020, na wanaomjua wanafahamu kwamba aliilipia.

Kamusi kutoka Kasulu

Vita ilipofika mwaka wa 1996, yeye alikuwa kijana. Alivuka ziwa Tanganyika na watu wengine, akafika mkoa wa Kigoma, akapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Huko aliishi miaka mingi chini ya paa la plastiki. Kifaransa alikuwa nacho tayari kutoka masomoni, Kiswahili ni cha kuzaliwa, lakini Kiingereza alikianza kambini, kwa kusikiliza na kwa kuazima vitabu.

Siku moja aliuza maharagwe yake sokoni na kwa pesa hiyo akanunua kamusi kuukuu ya Kiingereza, iliyokosa jalada. Jioni hakukuwa na kazi nyingi za kufanya kambini. Alianza kucheza na kamusi ile kama wengine wanavyocheza karata. Alijiuliza: neno gani lina herufi mbilimbili mara tatu mfululizo? Alifungua kurasa siku kadhaa mpaka akalipata: “bookkeeper”, mtu anayetunza vitabu vya hesabu, lenye o mbili, k mbili na e mbili zikifuatana. Neno gani lina vokali zote tano? Alishangaa kuona kwamba lilikuwa karibu naye siku zote: “education”. Na neno gani lina vokali zote tano kwa mpangilio wake, a, e, i, o, u? Hilo lilimchukua muda mrefu zaidi. Alipata “abstemious”, mtu mwenye kiasi katika kula na kunywa, na baadaye “facetious”, mtu anayefanya mzaha mahali pasipofaa. Ukiongeza “ly” kwa hilo la pili unapata hata y mwishoni.

Kila alilopata alilitia alama kwa kalamu ya risasi. Aliporudi Uvira kwa mashua, kamusi ilikuwa imefungwa ndani ya blanketi, katikati ya nguo.

Alipoanza kufundisha, maneno hayo yalimpa jina mjini. Wanafunzi walimzuia njiani wakimwomba awasomee “lile la herufi 45”, naye alilisema kwa pumzi moja bila kukwama: “pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis”. Neno hilo lina historia yake. Lilitungwa mwaka wa 1935 huko Marekani na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha watu wapendao mafumbo ya maneno. Alilitunga kusudi ili liwe refu kuliko mengine, na kamusi kubwa zikaja kulipokea. Linataja ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvuta vumbi laini sana la mawe, na katikati yake kuna “volcano”. Wanafunzi wenye ndugu Goma, wanaojua Nyiragongo ni nini, hawalisahau kipande hicho.

Alikuwa na lingine pia, “antidisestablishmentarianism”, la herufi 28, ambalo lilihusu siasa za Uingereza za karne ya 19: msimamo wa wale waliokataa Kanisa la Uingereza litenganishwe na serikali. Hakuna mtu wa Uvira aliyewahi kulihitaji. Lakini lilipendeza kulisikia, na mwalimu alipenda kulisema.

Usiku wa Mulongwe

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua ilinyesha milimani juu ya mji na mto Mulongwe ukatoka katika njia yake. Wakaaji wa Uvira hawahitaji kukumbushwa. Maji yalishuka na mawe makubwa, yakabeba nyumba, yakabeba watu. Wengi walikufa, na maelfu ya familia waliamka bila nyumba.

Wakati ule mwalimu alikuwa akikaa karibu na mto. Yeye, mama watoto na watoto walitoka wakiwa hai. Nyumba ilibaki ukuta mmoja. Kamusi ya Kasulu ilikuwa juu ya kabati, na kabati halikuonekana tena. Baadaye aliulizwa kama alilia kwa ajili ya kitabu. Alijibu kwamba asubuhi ile, jirani zake walipokuwa wakichimbua matope wakiwatafuta watoto wao, hakuna mtu angeweza kulilia kitabu. Alikilia wiki kadhaa baadaye, peke yake.

Jambo alilolibeba moyoni ni lingine. Siku chache baada ya mafuriko kulifika wageni wa kutazama hali ya watu na kuandika mahitaji. Mmoja wao hakujua Kifaransa wala Kiswahili, na mfasiri wake alikuwa amebaki upande mwingine wa mji. Watu wakasema: mwalimu yuko hapa, yeye ndiye mwenye Kiingereza cha kupita wote. Wakamsukuma mbele.

Mgeni aliuliza swali la maneno machache: mnahitaji nini zaidi? Mwalimu alielewa. Aligeuka kuwauliza jirani, nao wakajibu pamoja: “Bashi! Mwalimu, umuambie bashi, mvua inarudi.” Kila mtu wa Kongo anajua bashi: lile karatasi la plastiki gumu la kufunika nyumba. Mwalimu alijua neno hilo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili cha nyumbani. Kwa Kiingereza hakuwa nalo. Mtu aliyeweza kusema neno la herufi 45 kwa pumzi moja alisimama mbele ya mgeni akichora pembe nne hewani kwa mikono.

Mgeni alijaribu kumsaidia. “Tarpaulin?” aliuliza.

Mwalimu alisikia “Paulin”. Paulin ni jina la mtu, na katika siku zile kila mgeni alikuwa akiuliza majina ya waliopotea. Alifikiri mgeni anamtafuta mtu. Aliwauliza jirani kama kuna Paulin katika avenyu yao. Walitazamana, wakasema hapana. “No,” mwalimu alijibu. “No Paulin here.” Mgeni alitikisa kichwa, akaandika sabuni, vyombo vya kupikia na madumu ya maji, akaenda.

Mvua ilirudi usiku uleule. Mama mmoja jirani, mwenye mtoto mchanga, alilala chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa kwenye ukuta uliobaki. Bashi zilifika siku nne baadaye, kwa njia nyingine na kwa msaada wa watu wengine. Zilifika zimefungwa kwa kamba, na juu ya kila furushi kulikuwa na karatasi yenye maandishi makubwa: TARPAULIN.

Mwalimu alisoma karatasi ile mara mbili. Halafu alilitamka neno polepole, na ndipo alipotambua kwamba alikuwa nalo mdomoni tangu ujana wake. Kule Nyarugusu Watanzania waliita paa lake la plastiki turubai. Yeye mwenyewe alisema turubai miaka ile yote, akalikunja, akalishona, akalilalia chini yake, bila kujiuliza neno hilo limetoka wapi. Turubai ni “tarpaulin” iliyovaa nguo za Kiswahili.

Yule mama mwenye mtoto hakumlaumu. “Si kosa lako, Mwalimu,” alimwambia. “Hata sisi tulidhani anamuulizia Paulin.” Watu walicheka. Yeye alicheka nao, lakini alikwenda nyumbani mapema.

Kutafuta bila kitabu

Shule zilikuwa zimefungwa tangu mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ilikatazwa. Familia ya mwalimu ilipata vyumba viwili vya kupanga Kasenga, penye ule mwembe. Watoto wa jirani walizurura mchana kutwa. Mwezi wa sita, vijana watano walikuja kumwomba awafundishe kidogo. Hakuwa na kitabu chochote. Alinunua kaye moja ya kurasa 100 na biki, na kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza akaandika: “tarpaulin”. Chini yake akaandika sentensi: “We need a tarpaulin because it is raining.” Tangu siku hiyo, hakuna neno linaloingia katika kaye ile bila sentensi yake.

Mwanzoni alifikiri kwamba bila kamusi mchezo wa herufi umekufa. Alikuta kinyume chake. Kamusi inapanga maneno kwa herufi ya kwanza, kwa hiyo inamsaidia anayejua neno linaanzaje. Anayetafuta neno lenye GHT katikati, au lenye NESS mwishoni, kamusi haimfungulii mlango. Atafunua kurasa moja moja mpaka achoke. Simu yenye intaneti inaweza kutoa orodha nzima kwa sekunde moja, lakini inatoa samaki bila kuonyesha wavu. Ndiyo sababu simu zinakaa kikapuni.

Anachowafundisha vijana ni kukata neno vipande, na anaanzia kwa Kiswahili. Anaandika “tutakapowarudishia” na kuwauliza ni herufi ngapi. Ni 18. Anauliza nani kati yao analiogopa neno hilo. Hakuna, maana hata mtoto mdogo analisema: siku tutakapowarudishia sufuria zao. Mswahili amezoea kubeba maneno marefu kwa sababu anajua viungo vyake: tu, ta, kapo, wa, halafu mzizi, halafu mkia. Basi Kiingereza kirefu nacho kina viungo, anawaambia, ingawa viungo vyake havifanani na vyetu.

Kuna vichwa: “un”, “dis”, “mis”, “inter”, “over”. Kuna mikia: “ness”, “ment”, “able”, “less”, “ful”, “tion”, “ship”. Mtu akipewa herufi L, E, S, S, asianze kutafuta ovyo kichwani. Aone kwamba huo ni mkia wa kukosa kitu, kisha atafute kilichokosekana. “Home” ni makao. “Homeless” ni asiye na makao. “Homelessness” ni hali ya kukosa makao, herufi 12. Neno hilo walilijenga siku moja mwaka ule wa 2020, na hakuna aliyekosa sentensi.

Kuna maneno mawili yaliyoshikana, kama “straightforward”. Kuna pia lenye mkia “hood”, “neighbourhood”, ambalo kwa tahajia ya Uingereza lina herufi 13 na maana yake ni mtaa na jirani zake. Kuna pia njia ya Kifaransa, ambayo Mkongomani anayo bure. Anayejua “responsabilité” yuko hatua moja kutoka “responsibility”, herufi 14. Lakini mwalimu anaonya hapo: Kifaransa kina a mahali ambapo Kiingereza kinataka i. Wengi wameanguka katika shimo hilo, na neno likiandikwa vibaya alama ni sifuri, hata sentensi ikiwa nzuri.

Wanajifunza pia tabia za herufi. E ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi katika Kiingereza. Mmarekani Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyepoteza kazi katika shida ya uchumi ya miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili atengeneze mchezo ambao leo unaitwa Scrabble. Katika mchezo huo wa Kiingereza kuna E 12, lakini Q moja tu na Z moja, zenye alama 10 kila moja. Vijana walishangaa zaidi kuhusu K. Kwa Kiingereza K ina alama 5, kwa Kifaransa ina 10 kwa sababu ni adimu. Mmoja alisema: basi sisi watu wa Kongo, wenye kaka, kazi na kuku, ni matajiri. Mwalimu alimpa alama moja ya mzaha.

Si kila kilichoandikwa huko nje kinafanya kazi Uvira. Watu wa Kiingereza hupenda kusema kwamba “typewriter”, yaani mashine ya kuandikia, huandikwa kwa kutumia mstari wa juu tu wa herufi za mashine yenyewe. Kijana mmoja alikwenda kuhakikisha kwenye kompyuta ya mahali pa kuchapisha karatasi, akarudi akisema ni uongo. Hakikuwa uongo. Mashine zao huanza na Q, W, E, R, T, Y. Zetu, kwa desturi ya Kifaransa, huanza na A, Z, E, R, T, Y, na W imeshushwa chini. Siku ile walijifunza kwamba jambo linaweza kuwa kweli kwa jirani na lisiwe kweli kwako, na wote wawili mkawa hamkudanganya.

Bingwa asiyezungumza

Siku nyingine kijana mwenye akili nyingi, anayeshinda mara kwa mara, aliipinga sheria ya sentensi. Alisoma mahali fulani habari za Nigel Richards, mtu wa New Zealand, ambaye mwaka wa 2015 alikwenda Ubelgiji na kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, akimshinda mchezaji wa Gabon katika fainali, na huku hawezi kuzungumza Kifaransa. Alikariri maneno tu. Kama huyo ni bingwa wa dunia, kijana aliuliza, sentensi ni ya nini?

Mwalimu hakukataa. Alisema mtu huyo anastahili kombe lake, kama vile Wellington Jighere wa Nigeria, ambaye mwaka huohuo wa 2015 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Kucheza ni kucheza, na mchezo una heshima yake. Halafu akamuuliza kijana: ukikaa na kombe lako, na mtoto anaumwa, na daktari hajui Kifaransa wala Kiswahili, utampangia daktari vibao mezani?

Kijana hakujibu. Wengine nao hawakucheka, maana kila mmoja chini ya mwembe ule ana sababu yake ya kutaka Kiingereza. Mmoja ameomba kazi katika ONG mara tatu, na kila mara amekwama kwenye mahojiano. Mwingine ana familia iliyohamishwa kutoka kambini kwenda Marekani na anataka kuongea na watoto wa dada yake, ambao Kiswahili kinawatoka kidogo kidogo. Mama mmoja mfanyabiashara, mkubwa kuliko wote, anayevuka mpaka wa Kavimvira kila juma, alikuja kwa sababu Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022 na anaona karatasi za Kiingereza zikiongezeka. Yeye hapendi maneno marefu. Lakini “bookkeeper” amelishika, na anasema siku moja ataajiri mmoja.

Ukweli ni kwamba mwalimu mwenyewe hajaacha kupenda urefu. Jioni zingine, wakibaki wachache, anawapa vitendawili vya zamani: neno la herufi tisa lenye vokali moja tu, “strengths”, neno la herufi 15 lisilorudia herufi hata moja, “uncopyrightable”, yaani kisichoweza kuandikishwa kuwa mali ya mtunzi mmoja. Macho yake yanang'aa kama zamani. Mtu anayependa kitu hapaswi kukiona aibu. Alichobadilisha ni nafasi yake: neno refu sasa linakuja baada ya kazi, kama wimbo baada ya chakula.

Kaye ya kwanza imejaa, nao wako katika ya tatu. Mvua zinapoanza na watu wa kando ya mito wanaposikiliza milima usiku, kaye zote tatu hufungwa ndani ya kipande cha bashi kilichokatwa kutoka kwenye furushi la mwaka wa 2020, na kutundikwa juu ya msumari. Watoto wa nyumba wanajua: kama maji yanakuja, kwanza watu, halafu kile kifurushi, halafu kingine chochote.

Ijumaa moja mwalimu aliandika R, S, T. “First,” mmoja alisema: tano. “Thirsty,” saba. Kijana yule mpinzani alikuja na “understand”, kumi, pamoja na sentensi yake bila kuombwa. Msichana wa mwisho wa benchi alisubiri wote wamalize. Alisimama na kusema “misunderstanding”, herufi 16, kutoelewana.

“Sentensi?” mwalimu aliuliza.

Msichana alisita. Yeye ni binti wa jirani wa zamani, wa kule mtoni. Alikuwepo siku ya wageni. “There was a misunderstanding,” alisema polepole, “because nobody knew Paulin.”

Kulikuwa kimya kidogo. Kisha mwalimu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubao usianguke, na wote wakacheka naye, hata mama mfanyabiashara ambaye hakuijua habari yenyewe. Mwalimu alifuta machozi kwa mkono wenye chaki, akageuka, akaandika 16.